Wasomaji Wanauliza: Binti Aitwe Malkia?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: wazazi wanaotaka kumpa mtoto wa kike jina ambalo kwa asili ni cheo cha kifalme au cha kiungwana. Tumezijibu pamoja. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

SWALI: Mimi ni mama kijacho na tumeshaambiwa ni msichana. Baba mtoto anataka Princess, mama mkwe ameshikilia Malika, mimi moyo wangu uko kwa Sara. Nasikia yote matatu ni vyeo. Kama ni hivyo kuna tofauti gani, au tupige kura tu? *Mama Kijacho*

JIBU: Hongera, mama. Ni kweli yote matatu yametokana na vyeo, lakini hayalingani hata kidogo. Maana zake zinakaribiana. Kinachoyatenganisha ni muda ambao kila moja limetumika kama jina la mtu.

Sara ni neno la Kiebrania la mwanamke wa daraja la kifalme. Katika Mwanzo 17:15 mke wa Ibrahimu anabadilishiwa jina, kutoka Sarai kuwa Sara. Tangu zama hizo limeitwa na kuitika kizazi kwa kizazi, hata leo hakuna karani anayeliona kwenye fomu akafikiria ikulu.

Malika liko katikati. Kwa Kiarabu ndilo neno la kawaida la malkia, hata malkia aliyeko kwenye kiti leo, na papo hapo ni jina la kike la siku nyingi, kuanzia Moroko na Algeria hadi Uzbekistani. Mwarabu akilisikia anapata yote mawili. Asiyejua Kiarabu anasikia jina tu.

Princess ni cheo kilicho hai, tena katika lugha ambayo huenda ndiyo itakayoandika pasipoti, tiketi na vyeti vya mtoto. Usumbufu wote mtakaousoma kwenye kurasa hizi unaanzia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kura, tumieni kipimo hiki. Chukueni lugha itakayotumika kwenye nyaraka za mtoto, kisha mjiulize: je, neno hili bado linatangulizwa mbele ya jina la mtu aliye hai? Kama ndiyo, litasomwa kwanza kama cheo na baadaye kama jina. Kama siyo, limeshakuwa jina, msihangaike.

Majina yanayofaulu kipimo hiki ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Regina ni malkia kwa Kilatini. Wahispania wana Reina na Wafaransa wana Reine. Marta ni Kiaramu, bibi mwenye nyumba. Freya, jina la mungu wa kike wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, maana yake ni bibi vilevile. Despina limetoka kwenye neno la heshima walilokuwa wakiitwa mabibi wakuu wa Byzantium, na Vasilisa la Warusi limetoka kwenye neno la Kigiriki la malkia. Waarmenia humwita binti Takuhi, Waturuki Ece, Waethiopia Nigist, na yote matatu ni malkia. Augusta lilikuwa cheo cha wanawake wa ikulu ya Roma, alichopewa Livia mwaka 14 baada ya Kristo; leo hakuna anayelishtukia. Ada Lovelace, anayekumbukwa katika historia ya kompyuta, alizaliwa mwaka 1815 na kuitwa Augusta Ada.

Tungeulizwa sisi, tungeandika Sara Malika. Mama mkwe atamwita lake, nyaraka zitatulia, na baba mtoto atakuwa amepata binti mfalme wake, maana ndiyo maana ya Sara.

SWALI: Nataka jina la Kiarabu lenye maana ya kifalme, lakini tahajia zinanichanganya. Malika, Maalika, Malak, Malaika, Amira, Aamira, Saida, Sayida. Ni majina tofauti au ni mwandiko tu? *Mama Wawili*

JIBU: Ni majina tofauti, na herufi za Kilatini ndizo zinazoyafanya yafanane. Chukua moja moja.

Malika, irabu zote zikiwa fupi, ni malkia. Ukiirefusha ya kwanza, Maalika, unapata mwenye mali, mmiliki. Malak ni malaika mmoja kwa Kiarabu, na Malaika tunalolijua sisi limetokana na wingi wake. Ukimwandika Malika mtu akakuuliza kama maana yake ni malaika, jibu ni hapana.

Amira ni binti mfalme au mwanamke mwenye amri. Lakini kuna Aamira, lenye herufi *ayn* mwanzoni, ambalo ni la ustawi na makazi yaliyojaa watu. Kwa Kiarabu hayachanganyiki hata kwa bahati mbaya, ila kwa Kilatini yote mawili huishia kuwa Amira. Zaidi ya hapo, Waisraeli wanalo Amira la Kiebrania lisilohusiana kabisa na ufalme. Wabosnia huandika Emira, nalo ni lilelile la binti mfalme.

Saida ndilo linalowaponza wengi. Saida la kawaida linatokana na *sa'ida*, mwenye furaha, mwenye bahati. Lenye cheo ni Sayyida, bibi wa heshima, neno lililotangulizwa mbele ya majina ya mabinti wa kifalme, kwa mfano Sayyida Salme aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Ukitaka cheo, hakikisha *y* imo na imekazwa. Ukiiacha umebaki na furaha, ambayo nayo si haba.

La kufanya: mwombe anayejua kusoma Kiarabu akuandikie jina kwa herufi zake, na ulihifadhi hivyo. Kisha chagua tahajia moja ya Kilatini, iandike siku ya kwanza hospitalini na usiibadilishe tena. Malika kwenye cheti cha kuzaliwa, Maleeka kwenye kadi ya chanjo na Malikah shuleni ni watu watatu machoni pa kompyuta. Alama za juu na chini ya herufi usizitegemee. Mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine, kwenye sehemu ya jina, unakubali herufi A hadi Z peke yake. Kistari cha kuunganisha kinageuzwa kuwa alama ya <, na koma ya juu inatupwa.

SWALI: Nimesikia kuna nchi ambazo huwezi kabisa kumwita mtoto Queen au Princess. Ni kweli au ni porojo? Tunaishi nje na tunahama kila baada ya miaka michache. *Baba Msafiri*

JIBU: Ni kweli, ndugu yetu, na kwa kuwa mnahama, soma jibu hili polepole.

Nyuzilandi ndiyo inayotajwa zaidi. Sheria yake ya usajili ya mwaka 1995, na ile iliyofuata ya 2021, inamruhusu msajili kukataa jina ambalo ni cheo rasmi, lina cheo ndani yake, au linafanana na cheo, isipokuwa kuwe na sababu ya kutosha. Kila mwaka orodha ya majina yaliyokataliwa hutolewa, na King, Prince, Princess na Royal ni wakazi wake wa kudumu. Neno la kuangalia ni "kufanana". Wazazi wengi hudhani wakiandika y badala ya i watapita. Hawapiti, kwa sababu msajili anasikiliza linavyotamkwa. Jina likitiliwa shaka mzazi huombwa aeleze sababu, basi mwenye sababu ya kweli, kama jina la bibi mzaa baba katika lugha nyingine, aiandike kwa ukamilifu mapema. Majimbo ya Australia nayo yana kanuni za kukataa vyeo.

Saudia, mwaka 2014, vyombo vya habari viliripoti orodha ya majina 50 yasiyoruhusiwa kusajiliwa. Malika lilikuwamo, pamoja na Amir na neno lenye maana ya "mtukufu" linalotumika kwa watu wa nyumba ya kifalme. Kipimo chetu kinajieleza hapo: nchi yenye mfalme aliye kitini, na lugha ya cheo ndiyo lugha ya msajili.

Ujerumani ina mpango wa peke yake. Katiba ya mwaka 1919, ibara ya 109, ilifuta hadhi ya ukabaila lakini ikaacha vyeo vibaki kama sehemu ya jina la ukoo. Ndiyo maana hadi leo mwanamke anaweza kuwa na Gräfin, cheo cha mke au binti wa Graf, mwanzoni mwa jina lake la ukoo, na kaka yake akaandikwa Graf. Hilo halimfanyi mkubwa wa mtu yeyote. Jirani yao Austria ilifuta kila kitu mwaka huohuo wa 1919, hata kineno "von". Mgongano wa nchi hizi mbili ulifika Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilikubali Austria kuondoa neno Fürstin, cheo cha kifalme, kwenye jina la raia wake aliyelipata kwa kuasiliwa na Mjerumani. Jina lilikuwa halali upande mmoja wa mpaka na si halali upande wa pili.

Uingereza haizuii, lakini ofisi ya pasipoti ikiona jina linasomeka kama cheo inaweza kuweka maelezo ndani ya pasipoti kwamba neno hilo ni sehemu ya jina la mwenye pasipoti na si cheo chake. Maelezo hayo si adhabu. Ni msaada, na mtu aliyenayo aionyeshe pale afisa anapokunja uso.

Kwenu mnaohama: kinachohesabika zaidi ni nchi mtakayomsajili mara ya kwanza. Jina likishaingia kihalali kwenye cheti cha nchi moja, nchi nyingine kwa kawaida huliandika kama lilivyo kwenye pasipoti ya mgeni. Matata huanza mtoto akiomba uraia wa nchi ya pili, maana hapo anaandikishwa upya kwa kanuni za huko. Kama mna nchi mnayoikusudia kwa makazi ya kudumu, someni kanuni zake za majina kabla mtoto hajazaliwa.

SWALI: Rania ni malkia wa Jordan, kwa hiyo jina Rania ni malkia, au siyo? Na Soraya? *Shangazi wa Mtoto*

JIBU: Siyo. Rani ndilo malkia, kwa Kihindi na lugha ndugu zake. Rania ni Kiarabu, mwanamke anayetazama akikazia macho, na kuwa jina la malkia ni sadfa. Soraya ni zile nyota tunazoziita Kilimia. Lilibebwa na malkia wa Afghanistan na baadaye wa Iran, na sifa ya ikulu imelishikilia tangu hapo. Victoria ni ushindi, Stefania ni taji. Jina la malkia na jina lenye maana ya malkia ni vitu viwili, shangazi.

SWALI: Mwalimu wetu wa Biblia alisema Kandake katika Matendo ya Mitume lilikuwa jina la malkia. Mwingine akasema ni cheo. Nataka kumwita mwanangu Candace, nani yuko sahihi? *Msomaji wa Maandiko*

JIBU: Wa pili. Kandake, anayetajwa katika Matendo 8:27, ni cheo cha malkia au mama wa mfalme katika ufalme wa Kushi, uliokuwa na makao yake Meroe, katika Sudani ya leo. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi walilichukua kama jina la mtu mmoja, ndiyo maana katika vitabu vyao kila malkia wa Kushi anaitwa Kandake. Amanirenas, aliyepigana na majeshi ya Roma katika miaka ya 20 kabla ya Kristo, naye kwao ni Kandake tu. Kutoka hapo likaingia Ulaya kama jina la kubatizia, Candace au Candice. Mwite bila hofu. Hakuna aliye na cheo hicho leo, na kwa kipimo chetu hili ni safi kama Sara.

Hili la cheo kugeuka jina limetokea pia India ya Wamughal, tena kwa majina ambayo wengi hawajui kuwa yalikuwa vyeo. Nur Jahan, "nuru ya ulimwengu", halikuwa jina la kuzaliwa la mke wa mfalme Jahangir. Yeye aliitwa Mihrunnisa, na Nur Jahan ni lakabu aliyotunukiwa na mumewe mwaka 1616. Mumtaz Mahal, aliyejengewa Taj Mahal, alizaliwa akiitwa Arjumand Banu. Leo Nurjahan na Mumtaz ni majina ya kawaida ya wasichana, na msajili hana habari.

Njia ya kinyume ipo pia. Caesar lilikuwa jina la ukoo wa Kirumi kabla halijawa cheo cha Kaiser na Tsar. Maneno ya Kislavoni ya mfalme yametoka kwenye jina la Karl, yule anayeitwa Charlemagne. Lakini usirudi nyuma ukadai Karolina ni malkia. Neno la cheo lilitoka kwenye jina, halikurudisha maana kwa jina.

SWALI: Binti yangu anaitwa Lady. Tukikata tiketi mtandaoni jina linatoweka au linaunganishwa na lingine, na mara moja fomu ilikataa kabisa. Nifanyeje? *Baba Lady*

JIBU: Pole, baba. Sababu ni ya kiufundi na ina dawa.

Mifumo ya tiketi za ndege huandika jina la ukoo, mkwaju (/), jina la kupewa, kisha kiambishi cha heshima mwishoni, mara nyingi bila nafasi kati yake: MISS, MRS, MR, MSTR. Programu zinazosoma rekodi hiyo zimefundishwa orodha ya maneno ya heshima na kuyakata. Wanaume wenye jina la Kiarabu Amr wanalijua tatizo hili vizuri, kwa kuwa mashine hukata MR ikaacha A peke yake. Lady, Dame na Princess yako kwenye orodha za baadhi ya mifumo. Jina la kupewa likiwa hilo moja tu, likikatwa nafasi inabaki tupu, na fomu inakataa kuendelea.

Fanya hivi. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama mistari miwili ya chini. Mstari wa kwanza, baada ya herufi za mwanzo na za nchi, una nafasi 39 za jina: jina la ukoo, alama mbili za <, kisha majina ya kupewa. Hilo ndilo jina lake kwa shirika la ndege, kwa mpangilio huohuo. Kwa kanuni za kimataifa za pasipoti, cheo hakiandikwi kwenye mstari huo isipokuwa nchi iliyoitoa inakihesabu kuwa sehemu halali ya jina, kwa hiyo kama LADY imo, una ushahidi kwamba ni jina. Ikiwa haimo, karani aliikata kama cheo, na pasipoti ndiyo inayohitaji kurekebishwa kwanza.

Kwenye fomu, kisanduku cha heshima chagua Bi au Miss, kamwe usichague Lady hata kama kipo. Jaza majina yote ya kupewa, si la kwanza tu. Kabla ya kulipa soma muhtasari. Tiketi ikifika kwa barua pepe, ilinganishe na pasipoti herufi kwa herufi na uombe marekebisho siku hiyohiyo, kwa sababu kurekebisha jina kabla ya safari ya kwanza kutumika ni rahisi kuliko baada yake. Kuungana kwa majina bila nafasi usikuogope, ni kawaida ya mifumo hiyo. Kinachozuia mtu kupanda ni jina lililopungua. Fomu ikikataa kabisa, kata kwa simu au kwa wakala, ambaye anaandika rekodi kwa mkono.

Kuna somo hapa kwa wanaochagua sasa. Amerika ya Kusini, hasa Kolombia, Lady limekuwa jina la kweli la wasichana wengi. Mchezaji wa soka Lady Andrade ni mmoja wao. Wengine wameliandika linavyotamkwa, Leidy, kama mnyanyua vyuma Leidy Solís. Leidy haliko kwenye orodha ya mashine yoyote, na linapita. Tahajia ya aina hiyo inamshinda kompyuta, ingawa msajili wa Nyuzilandi tuliyemtaja haimshindi.

SWALI: Mke wangu ni Mturuki, anataka binti aitwe Sultan kama bibi yake. Kwetu Sultan ni mwanamume! Nani amekosea? *Baba Mtarajiwa*

JIBU: Hakuna. Uturuki, Sultan ni jina la kike la heshima, na katika ikulu ya Osmania neno hilo liliwekwa baada ya majina ya mabinti na wake wa kifalme. Kwa Waarabu ni la kiume. Akienda kuishi huko, kila barua itaanza na "Bwana". Sultana lingekuwa daraja zuri kati yenu: limetumika kwa wasichana wa Bangladeshi, na hata kwa Wayahudi waliotokana na Hispania. Kasoro yake ni kwamba kwa Kiingereza sultana ni aina ya zabibu kavu, na watoto shuleni hawana huruma. Melike ni la Kituruki, ni malkia, na halina utani huo.

Kwa kuwa tumefika upande huo, wengi wameuliza kuhusu Begum, Bibi, Khatun, Khanam na Banu. Hivi ni vyeo vya mabibi wa kiungwana kwa Kiajemi na Kituruki ambavyo Asia ya Kusini vimekuwa jina la pili la mwanamke. Si jina la ukoo. Dada wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa mmoja Khatun na mwingine Begum. Kaur la wanawake wa Kisikh, ambalo kwa desturi hufasiriwa binti mfalme, linafanana nayo kwa hilo, kwa kuwa halimtambulishi baba. Anayejaza fomu yenye sehemu ya "jina la ukoo" aamue mara moja Begum atakaa wapi na abaki hapohapo kwenye kila fomu. Uturuki, kinyume chake, Begüm ni jina la kwanza kabisa.

SWALI: Je, dini ya Kiislamu inaruhusu Malika? Nimeambiwa majina ya ufalme ni haramu. *Ummu Zahra*

JIBU: Hadithi inayotajwa iko katika Bukhari na Muslim, na inamlaumu mtu anayejiita *Malik al-Amlak*, mfalme wa wafalme. Wafafanuzi waliifungamanisha na vyeo vya kudai ukuu juu ya wote, kama shahanshah ya Waajemi. Al-Malik, kwa *al*, ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, na wanaume huitwa Abdulmalik. Malika peke yake halidai ukuu huo, na limevaliwa na wanawake wa Kiislamu vizazi na vizazi.

Wanaolichukia husimama kwenye hoja nyingine, ya kujitakasa. Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Barra, mwema sana, akamwita Zaynab, kwa kuwa lilikuwa la kujisifu. Kama jamaa zako wana msimamo huo, muulizeni shekhe wenu kabla ya akika, wala si baada yake.

SWALI: Mapacha, wa kiume na wa kike. Prince na Princess? *Bibi wa Mapacha*

JIBU: Hapana, bibi. Majina yanayotofautiana herufi mbili za mwisho ni mtego: matokeo ya mmoja yataingia kwenye faili la mwenzake, hasa kwa kuwa wana tarehe moja ya kuzaliwa na jina moja la ukoo. Wape majina yanayoanza kwa herufi tofauti. Kwa Kiamhari Leul ni mwana wa mfalme na Nigist ni malkia, na hayachanganyiki.

SWALI: Nilimwita Queen, ana miaka mitano sasa, na amechoka kutaniwa. Kubadilisha kunakuwaje? Au nimwache, maana nasikia kuna viongozi wenye majina ya namna hii? *Mama Queen*

JIBU: Viongozi wapo. Nkosazana Dlamini-Zuma, mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuanzia 2012 hadi 2017, ana jina ambalo kwa Kizulu ni binti wa mfalme. Lakini angalia: ni jina lililozoeleka katika lugha yake, na nje ya lugha hiyo hakuna anayelifasiri. Queen linafasiriwa kila mahali. Kuchoka kwa mtoto ni sababu ya kutosha, na mahakama zimeshakubali sababu za aina hii. Japani, mwaka 2019, kijana aliyesajiliwa kwa jina lenye maana ya "mtukufu mwana wa mfalme" aliruhusiwa na mahakama ya familia kulibadilisha.

Anza na njia nyepesi. Kama ana jina la pili, mwanze kuitwa hilo nyumbani na shuleni, na omba shule iliandike kama jina la kutumia. Mwone kwa muhula mmoja. Wengi wanaishia hapo bila karatasi yoyote.

Akihitaji kubadilisha rasmi, kanuni hutofautiana kwa nchi, ila mpangilio wa kazi ni mmoja. Kwanza hati ya kubadilisha jina, ya kiapo au ya mahakama. Kwa mtoto, mara nyingi inatakiwa ridhaa ya wazazi wote wawili, na hapo ndipo maombi mengi hukwama mzazi mmoja akiwa hajulikani alipo. Pili, cheti cha kuzaliwa, ama kipya ama chenye maelezo ya badiliko. Tatu, pasipoti. Halafu shule, hospitali, benki na bima. Ukianza na shule au benki watakurudisha, kwa kuwa wao husubiri cheti. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa za hati ya kwanza siku hiyohiyo, kwa kuwa kila ofisi itabaki na yake.

Mambo mawili ya muda. Maliza kabla hajafika darasa la mtihani wa taifa, kwa sababu cheti cha mtihani kikishatoka kwa jina la zamani ni vigumu mno kutolewa upya. Na usikate tiketi katikati ya zoezi: tiketi ifuate pasipoti iliyo mkononi, hata kama hati ya jina jipya umeshaipata.

Kwa wenye watoto wachanga, ulizeni kama nchi yenu ina muda wa neema. Uingereza na Wales, kwa mfano, jina la kwanza linaweza kubadilishwa kwenye rejista ikiwa mtoto alipewa jina jipya ndani ya miezi 12 tangu kusajiliwa, bila kwenda mahakamani.